Kidoa cha Saba kwenye Bawa la Usubi

Mandewa, Jumanne ya pili ya Oktoba. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, jua kali, mvua haina hata dalili.

Nilipoteza slaidi moja, namba 212, siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, miaka kumi na miwili iliyopita, siku tuliyokabidhi funguo za kituo. Kasha la tatu, tundu la kumi na mbili. Slaidi nyingine zote 211 zilikuwepo, nilizihesabu mara mbili. Tundu lile lilikuwa tupu.

Kwenye kioo hicho kulikuwa na usubi mmoja, jike, mdogo kuliko punje ya ulezi.

Kwa miaka yote kumi na miwili niliamini kwamba mkuu wa kituo ndiye aliyeichukua. Nimemsema vibaya mbele za watu, na mara moja nilimsema hapa hapa kwenye blogu hii bila kumtaja jina. Leo saa nne asubuhi nimejua si yeye.

Nianze mwanzo, maana wengine mnanifahamu kama mama wa duka la dawa za mifugo tu.

Mimi ni binti wa muuza vitenge wa hapa mjini. Darasa la saba, basi. Niliingia kile kituo kidogo cha utafiti wa mifugo kama mfagizi. Siku moja mtaalamu aliyekuwa akihesabu wadudu aliumwa macho, nikaombwa nimshikie kalamu. Mwaka ulipoisha nilikuwa namhesabia. Mwaka wa pili nikawa naandaa slaidi mwenyewe: unamkata usubi mabawa kwa ncha ya sindano, unayalaza kwenye kioo, unadondosha gundi, unafunika na kioo kingine chembamba, na hupumui mpaka umalize. Ukipumua bawa limeruka.

Hakuna aliyenifundisha. Niliharibu mabawa sitini na nne ndipo la sitini na tano likakaa.

Usubi hutambuliwa kwa bawa. Kwa macho ni kivuli tu kinachokuuma na kukuachia kipele cha kuwasha siku tatu. Chini ya hadubini bawa lake ni la kijivu lenye vidoa vyeupe, na kila aina ina mpangilio wake. Huyu wetu wa kawaida, anayezaliana kwenye samadi mbichi ya zizini, ana vidoa sita. Vitano vikubwa. Cha sita kidogo, karibu na ncha.

Mwenzangu kazini alikuwa Yona, Mnyiramba wa Misigiri, mrefu, mwenye utani usioisha. Kazi yake ilikuwa kukamata. Mimi nilikuwa nakaa na kioo, yeye anakaa na mguu. Magharibi inapokaribia alikuwa anakunja suruali mpaka gotini, anakaa kwenye kigoda ukingoni mwa ziwa Kindai, anangoja aumwe. Usubi akitua, anamvuta kwa pumzi kupitia mrija wa plastiki wenye kipande cha chandarua katikati ili asimmeze. Nilimuuliza amemeza wangapi. Akaniambia, “Dada Zuhura, kwa nyama iliyopita kooni humu, mimi nakula vizuri kuliko mkuu wa kituo.”

Ni yeye aliyesema kwamba wale wa tope la chumvi la Kindai si wale wa zizini. Alisema wanauma mapema zaidi, jua likiwa bado halijazama, na wanauma kifundo cha mguu tu. Alisema ukiangalia vizuri wana kidoa cha saba, kidogo sana, nyuma ya cha sita. Kama ni kweli, ilikuwa ni aina ambayo haimo kwenye vitabu vyote vitatu tulivyokuwa navyo.

Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika. Kila wiki barua ilikuja kutoka juu: watumishi wapungue, vituo visivyo na tija vifungwe, kazi nyingine waachiwe watu binafsi. Redioni ilikuwa soko huria asubuhi na jioni. Wafadhili walituma ujumbe kwamba wataendelea na kituo chetu kama tuna jambo jipya la kuonyesha. Kama hatuna, basi.

Jambo jipya tulilokuwa nalo lilikuwa moja. Kidoa.

Nikapewa mimi nihesabu. Mabawa hamsini ya zizini, mabawa hamsini ya ziwani, na ripoti ndani ya siku kumi.

Sasa nifike kwenye lile linaloninyima raha.

Karibu mwezi mzima kabla sijapewa hesabu hiyo, tukiwa bado tunakamata, spiriti ya kuhifadhia wadudu ilikuwa imekwisha. Ilibaki chupa moja. Bohari ilijibu hakuna, na haijulikani lini. Mkuu wa kituo akasema tutumie gongo. Mtu akatumwa kijijini, akarudi na dumu la lita tano limefunikwa gunzi la mahindi.

Mimi nikakataa. Nilisema gongo haitakaa kwenye meza yangu, mimi ni Mwislamu, baba yangu yuko mtaa wa pili tu na akisikia atakuja kunitoa kazini kwa fimbo.

Mkuu akasema, “Zuhura, hunywi wewe. Unawazamishia wadudu.”

“Siigusi, mzee.”

Yona akacheka mpaka akashika ukuta. “Mwacheni dada yangu. Wa zizini wabaki kwake na spiriti yao. Hawa wa ziwani ni Walutheri, nitawazamisha mimi.”

Tulicheka wote. Ndivyo ilivyoamuliwa. Kwa utani.

Wa zizini wakaenda kwenye spiriti. Wa ziwani wakaenda kwenye gongo, wakakaa humo wiki tatu na siku mbili. Halafu nikawahesabu kana kwamba wametoka chupa moja.

Zizini: hamsini, wote vidoa sita. Ziwani: hamsini, tisa wana cha saba, arobaini na moja hawana. Mabawa ya ziwani yalikuwa yamepauka, kwa wengi hata cha sita hakikuonekana; nikasema ni gundi, nikatafuta cha saba tu. Nikaandika kwenye ripoti, kwa mkono wangu, kwamba cha saba si alama ya kudumu, kwamba ni tofauti ndogo ya mdudu mmoja mmoja kama mtu kuwa na baka, na kwamba usubi wa Kindai na usubi wa zizini ni aina moja. Nilijivunia ile ripoti. Ilikuwa safi. Mfagizi wa juzi amewaambia wenye digrii hakuna kitu.

Siku ya kumi, nikiwa nimeshafunga rejesta, Yona alikuja na slaidi mkononi. Alikuwa ametoka ziwani jana yake jioni, akamkamata mmoja, akamwandaa mwenyewe usiku ule ule bila chupa yoyote, bila spiriti, bila gongo. Ameandika 212 kwa penseli kwenye kona. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile, na gundi ilikuwa imemwagika pembeni.

“Dada, angalia huyu.”

Nikamwambia rejesta imefungwa.

“Najua. Angalia tu.”

Nikamwambia haina lebo ya mahali, haina saa, na siwezi kuhesabu mdudu wa hamsini na moja kwa sababu mtu anampenda.

Akasimama pale muda. Kisha akaiweka kwenye kasha la tatu, tundu la kumi na mbili, akatoka nje.

Sikuiangalia.

Hadubini ilikuwa mbele yangu, taa inawaka. Ilikuwa ni kuinamisha kichwa tu.

Ripoti ikaenda. Barua ikarudi kabla mwezi haujaisha. Watu kumi na wawili tukaondoka. Mimi nilibahatika, ndiyo kwanza watu binafsi wameruhusiwa kuuza dawa za mifugo, nikawa wa pili kufungua duka mjini, na tangu hapo ndiye huyu mnayemsoma. Yona alirudi Misigiri kulima alizeti. Nilikuwa nasikia habari zake kwa wateja. Walisema anaenda mpaka Kindai peke yake, anakaa na mguu wazi, anarudi bila kitu. Vijana wakampa jina, Bwana Usubi. Wakimuona njiani wanajipiga makofi ya kifundo cha mguu. Mwaka wa nne homa ya ini ikamchukua. Nilienda kumzika. Nilikaa upande wa wanawake na sikusema neno.

Sisemi ripoti yangu ilimuua. Ini ndilo lililomuua, na daktari aliandika hivyo. Nasema tu kwamba tangu siku ile namuona. Si ndotoni. Namuona nikiwa nafungua duka, amesimama na kile kioo mkononi, vidole vinene, anangoja. Haniambii kitu. Mtu aliyekuwa na maneno mengi vile, sasa ndiye anayenyamaza.

Miezi miwili iliyopita nilinunua hadubini ya dukani, ya kuangalia mayai ya minyoo kwenye mavi ya mbuzi. Siku ya kwanza kuiwasha, mkono wangu wenyewe ulijua cha kufanya. Nikakamata usubi kwenye banda la mbuzi la jirani. Arobaini. Wote wa kawaida, vidoa sita. Ishirini nikawatia kwenye spiriti. Ishirini nikawatia kwenye gongo.

Ndiyo, gongo. Nilimtuma mtu, na safari hii nilimimina mwenyewe. Nilivaa glavu, kama vile Mungu hajui kilichomo ndani ya glavu.

Nikangoja wiki tatu na siku mbili. Jana jioni nilihesabu, na leo alfajiri nikarudia.

Kwenye spiriti, kidoa cha sita, kile kidogo, kipo kwa wote ishirini. Kwenye gongo, bawa zima limepauka, lile la kijivu limekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Vile vidoa vikubwa vitano bado unaviona. Kile kidogo kimemezwa. Nimekiona kwa wanne.

Wanne kati ya ishirini. Miaka ile, tisa kati ya hamsini.

Asilimia ishirini. Asilimia kumi na nane.

Nilikaa chini sakafuni, mama mzima, na koleo ndogo ya kushikia mabawa mkononi.

Haimaanishi Yona alikuwa sahihi. Nataka hili lieleweke, sijabadilika nikawa mtu wa kudhania. Inamaanisha hesabu yangu haikuwa na thamani yoyote. Inawezekana wote hamsini walikuwa na cha saba na gongo ikakila kwa arobaini na moja. Inawezekana pia walikuwa tisa kweli. Namba zangu haziwezi kusema. Niliandika ripoti safi juu ya dumu la gongo, na sababu ya lile dumu kuwa upande wake na si upande wangu ni mimi na kujiona kwangu msafi.

Mtasema nenda Kindai ukakamate wengine. Nimeenda, wakati nangoja zile wiki tatu. Ziwa limepanda tangu zile mvua kubwa, lile tope la chumvi liko chini ya maji, nchi kavu iliyobaki ni mawe na wafyatua matofali. Nimekaa jioni tatu, gauni nimelikunja mpaka gotini na kanga begani, watoto wananicheka. Nimepata kumi na saba. Wote sita sita. Aliyekuwa pale ama amekwisha, ama hakuwahi kuwepo.

Kwa hiyo duniani kimebaki kioo kimoja tu kinachojua. Mmoja aliyekamatwa jioni na kulazwa kwenye gundi usiku ule ule, hakuonja pombe.

Na leo saa nne mke wa Yona ameingia dukani.

Mama Naomi huniita wifi, tangu enzi zile mumewe aliponifanya dada. Alikuja kununua dawa ya minyoo na kunipa taarifa: Jumamosi wanajengea kaburi. Saruji imepatikana, fundi amepatikana, mchungaji atakuwepo. Ukoo umesema aliyefanya naye kazi asimame aseme mawili matatu. Na waliofanya naye kazi, wengine wote wamehama au wamekufa.

“Ni wewe tu, wifi.”

Nikasema nitakuja. Nikamuuliza, kama kwa mzaha, iwapo katika vitu vya marehemu hakukuwahi kuonekana kipande cha kioo kirefu kama kidole.

Akasema, “Kile cha mdudu? Kipo.”

Nikamuuliza kilifikaje kwao.

Akaniambia bila kuficha. Yona alikitoa kwenye kasha siku ya makabidhiano, asubuhi, kabla sijaja kuhesabu. Alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka kwenye sanduku la nguo. Alisema kisipewe mtu yeyote.

“Hata mimi?”

“Ni wewe hasa aliyekutaja, wifi. Alisema dada Zuhura hana haja nacho.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza njia.

Kisha akanimalizia. Kioo hakiko Misigiri sasa. Binti yao Naomi, mwalimu wa baiolojia huko Dodoma, alikichukua Pasaka. Alikiangalia kwenye hadubini ya shule. Alipomrudia mama yake hakusema alichokiona, alisema tu kwamba Jumamosi anakuja nacho, na kitawekwa kwenye saruji ya kaburi, juu, upande wa kichwa, kikiwa kimelala kifudifudi. Fundi ameshaambiwa.

Kifudifudi. Saruji ikishashika hakuna atakayekisoma tena mpaka kiama.

Nimempigia Naomi simu mara nne leo. Inaita, haipokelewi.

Lakini najua unasoma hapa, Naomi. Mwezi wa nane uliacha maoni kwenye habari yangu ya minyoo, ukanisahihisha jina la kitaalamu, na ulikuwa sahihi. Kwa hiyo yote niliyoandika leo nimekuandikia wewe, na nimeyaandika mbele ya watu kwa makusudi, ili nisije nikayapunguza Jumamosi.

Sikuombi kioo. Nililetewa mkononi nikakataa kuinama, haki ya kukiangalia ilikwisha pale. Kiwekeni kwenye saruji, ni cha baba yako. Wala sitakuja na hadubini kwenye begi, ingawa nilifikiria, na begi lipo hapa miguuni limefungwa tayari, nitalifungua nikimaliza kuandika.

Wala usinihurumie. Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu: sehemu fulani ya moyo wangu inatamani kile kidoa kisiwepo. Kama hakipo, nilikosea njia lakini nilifika. Watu kumi na wawili wangeondoka hata hivyo. Vijana wa Misigiri walikuwa wanamtania mzee aliyekosea. Nimekaa na tamaa hiyo mchana kutwa nikiuza dawa, na ninaiona aibu, lakini ipo.

Na kama kipo, basi baba yako alitambua kiumbe ambacho hakuna aliyewahi kukitambua, kwa kifundo cha mguu wake na macho yake, akiwa na darasa la saba kama mimi, na mimi ndiye niliyemfutia.

Wamenipa dakika kumi Jumamosi. Naweza kusimama nikasema alikuwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu. Kila marehemu husemwa hivyo. Au naweza kusimama mbele ya wale waliokuwa wakijipiga makofi ya miguu nikawaambia, kwa hesabu, kwamba Yona alikuwa sahihi na aliyekosea ni huyu hapa mwenye ushungi. Hilo la pili siwezi kulisema kwa kukisia. Nilikisia mara moja kwa namba nzuri, yakatokea haya.

Wewe umekiona. Umekaa nacho tangu Pasaka. Unajua kusoma bawa, maana umesoma zaidi yetu wote. Kama umenyamaza ili niumie, nimeumia, kazi imeisha. Kama umenyamaza kwa sababu ulichokiona kinamfanya baba yako aonekane mjinga, niambie hivyo hivyo, nitakibeba na sitakitaja.

Ijumaa nikitoka kuswali napanda basi la Misigiri, na nikishaondoka mjini sina mtandao. Kwa hiyo nakupa mpaka Ijumaa saa sita kamili mchana. Andika hapo chini kwenye maoni, au nitumie ujumbe kwenye simu, namba ya duka unayo. Sitaki maelezo, sitaki salamu, shikamoo yangu utanipa siku nyingine ukipenda.

Bawa la kulia, nyuma ya kidoa cha sita. Cha saba kipo au hakipo?